Mama Bandeji na mguu asiotaka kuufunga tena

Saa tisa alasiri, chumba cha kubadilishia nguo kinanuka dawa ya kuchua na soksi mbichi. Wachezaji wa timu ya chuo wamepanga foleni mbele ya meza ya mbao. Nyuma yake amesimama mama mfupi mwenye mikono iliyokomaa, anafunga bandeji kifundo baada ya kifundo.

"Wewe, ukioga miguu huwa unaiacha nje?" anamtania beki mmoja. Chumba kizima kinaangua kicheko.

Kisha inafika zamu ya mshambuliaji. Anaweka mguu wa kulia mezani, na kicheko kinakatika. Mama anaufunga bila kumtazama usoni.

Chuoni humwita Mama Bandeji. Kwa kazi hii amesomesha watoto wake na kumlea mdogo wake wa mwisho, aliyeachiwa na wazazi wao angali mchanga. Alipokua, mdogo huyo naye alipata kazi hapohapo, ulinzi wa geti la hosteli.

Mwezi uliopita mlinzi huyo alimkuta mshambuliaji akirudi wakati geti limeshafungwa, akamwomba kitambulisho. Kwa maelezo aliyoandikisha polisi, alijibiwa kwa ngumi, na alipoanguka, kwa mateke. Mbavu mbili zilivunjika. Mshambuliaji amekana, na upelelezi unaendelea.

"Kesho yake asubuhi alinijia mguu umevimba," anasema Mama Bandeji. "Nikamuuliza, umefanyaje? Akasema kajigonga kwenye ngazi. Nikamwekea barafu. Nikamwambia pole, mwanangu. Pole! Na mimi sina habari kwamba mdogo wangu yuko wodini."

Hasira inampanda.

"Simhukumu, hakimu si mimi. Nasema akae pembeni kwanza. Asome, ale, afanye mazoezi, ila jezi ya chuo asiivae mpaka polisi wamalize kazi yao. Hilo nalo ni kumnyonga?"

Kocha haafiki. "Mtu hana hatia mpaka ithibitishwe," anasema, macho yakiwa uwanjani. "Nikimsimamisha kwa tuhuma tu, nitakuwa nimeshamhukumu. Halafu Jumamosi ni fainali. Nani atanifungia mabao?"

Ni hoja nzito, mpaka umkumbuke kipa wa akiba. Mwaka jana alishukiwa kuiba simu ya mwenzake, na Kocha huyuhuyu akamsimamisha kabla hata polisi hawajamaliza kumhoji. Baadaye simu ilionekana chini ya kiti cha basi la timu. Wakati huo kipa alikuwa ameshaacha mpira, na hakuna aliyemfuata kumwomba radhi.

"Siku ile hayo maneno ya kutokuwa na hatia yalikuwa wapi?" Mama Bandeji anaipiga meza kwa kiganja, chupa za dawa zinarukaruka. "Mkuki kwa nguruwe! Mfunga mabao anasubiriwa mpaka polisi wamalize, kipa wa akiba anahukumiwa na kocha. Kama ni kusimamisha, wasimamishwe wote. Kama ni kusubiri, wasubiriwe wote."

Alipeleka malalamiko kwa msimamizi wa michezo. Akaambiwa asichanganye ya nyumbani na ya kazini, na akakumbushwa kwamba watu wa kuchua misuli wako tele mtaani.

Nyumbani kwake, mdogo wake ameegemea mito, maana kulala chali kunamtesa. Hata kucheka hawezi.

"Dada, usije ukapoteza kazi kwa ajili yangu," anasema.

"Nyamaza wewe, meza dawa. Nimekubeba mgongoni, leo ndiyo nikuone mzito?"

Mlinzi anajaribu kutabasamu, anashika ubavu. Dada yake anageukia dirishani na kufuta macho kwa ncha ya khanga.

Leo, anasema, ameufunga mguu ule kwa mara ya mwisho. Jumamosi atawahudumia wote kama kawaida. Zamu ya mshambuliaji ikifika, atachukua bandeji na kumkabidhi Kocha mbele ya timu nzima.

"Yeye ndiye anayeutaka mguu huo uwanjani. Aufunge mwenyewe."

Na wakimsimamisha kazi papo hapo?

"Wanisimamishe," anasema, akikunja bandeji iliyobaki. "Ila Kocha anijibu kwanza. Mimi nina kosa gani lililothibitishwa?"