Umeme Ulitoka Kwenye Laptopu Yangu

Mpaka leo sijaamini. Natengeneza kompyuta dukani, mtaa wa Sonatubes. Juzi nilipima ubao wa kompyuta ya mteja kabla sijauwasha. Njia ya umeme ya prosesa, ambayo hupata umeme mwisho kabisa, tayari ilikuwa na volti. Nikamgeukia Eriki, mwenzangu, kwa mdomo wangu huu mchafu.

"Sha, wewe, umechomeka tena chaja. Unataka prosesa iungue, nifukuzwe mimi mwenye mtoto?"

"Dada, sijagusa kitu."

"Muongo. Bosi, huyu aondoke leo."

Bosi akaja mezani, akafuata kwa kidole waya wa data niliouchomeka mwenyewe, kutoka kwenye ubao mpaka kwenye laptopu yangu. Akauchomoa. Kipimo kikashuka mpaka sifuri.

"Mama Keza," akaniuliza, "sasa nani aondoke?"