Kijiji cha Mume Wangu

Mtu akianza hotuba kwa kusema sisi sote ni ndugu, mimi huvuta mkoba wangu karibu. Ndivyo nilivyofanya Jumapili ile, baada ya ibada, mwalimu wa chuo kikuu alipokuja kutoka Braamfontein kutueleza habari za wenyeji kujitawala. Tulikuwa watu wa Katanga, huko Kongo, tunaoishi Johannesburg, tumejazana katika ukumbi wa kanisa huku Rosettenville. Geti lilifungwa kwa kufuli, kwa sababu wiki ile watu wenye rungu walikuwa wamepita mitaani wakitaka wageni warudi makwao. Yaani tumejificha wenyeji wa hapa wasituone ili tupate nafasi ya kuwajadili wenyeji wa kwetu. Nilicheka peke yangu, mume wangu akanikanyaga mguu.

Mwalimu alisema vizuri, simnyimi haki yake. Alieleza kwamba katika nchi za shirikisho, kama Kanada, wale waliokuwepo kabla ya wazungu wanadai mabaraza yao, na wengine wanayo, wakiamua wenyewe mambo ya shule na ardhi, na bado wamo ndani ya nchi moja. Kwa nini na sisi tusiwe hivyo? Shaba inatoka kwetu, faida inakwenda Kinshasa, na kijiji cha mume wangu, ambako nimefika mwenyewe, hakina hata zahanati. Hapo nilikubali kwa kichwa. Halafu akafika pale nilipokuwa nikimngojea: watakaopiga kura katika baraza hilo ni wale tu wenye chifu katika ardhi ile. Aliyasema kwa upole sana, na upole ndio unaonitisha.

Babu yangu aliletwa Katanga na wazungu kutoka Kasai, jimbo la jirani, kuchimba shaba. Baba alizaliwa Lubumbashi, huko huko Katanga, nami nikazaliwa Lubumbashi, na Kiswahili cha kule ndicho nilichobembelezewa. Lakini nilipokuwa msichana mdogo, majirani waliamka siku moja wakagundua kwamba sisi ni wageni. Tulilala stesheni na magodoro yetu, tukingoja treni ya kuturudisha mahali ambapo hata mmoja wetu hakupajua. Baba alikataa kupanda. Tuliporudi nyumbani tukakuta mapazia ya watu wengine dirishani, na mama aliyeyatundika ndiye aliyekuwa akimwita mama yangu dada. Tangu hapo mtu akiniita dada, najiuliza anataka nini.

Mikutano yetu ina desturi yake. Anayetaka kusema husimama, hutaja kijiji cha baba yake na chifu wake, watu hupiga makofi, ndipo huendelea. Mimi ndiye nipikaye bukari, yaani ugali, na samaki wa mikutano hiyo, na miaka yote nilikuwa sijawahi kusimama. Siku ile nilisimama.

"Mama, utaje kwanza kijiji," mwenyekiti alisema.

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu. Alitaja kijiji chake na chifu wake, kama anavyofanya popote tunapokwenda, na watu wakapiga makofi.

"Ile ni kijiji yake," nilisema. "Mi niko wa Lubumbashi. Babu yangu alitoka Kasai."

Makofi yalikatika. Mwanamke niliyekuwa nimemsuka juzi akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

"Hakuna shida, Mama," mwenyekiti alisema, akitabasamu. "Hapa weye ni mutu wetu. Kijiji ya bwana inatosha."

"Mi nauliza Papa mwalimu. Bale ba Kanada, batu ba bunduki ndio balibanyang'anya udongo. Babu yangu hakunyang'anya mutu. Balimuleta kuchimba. Sasa mu baraza yenu, mi niko upande gani?"

Mwalimu alisema swali ni zuri, litaundiwa kamati. Nimekaa katika mikutano ya kutosha kujua kwamba swali likishaitwa zuri, limezikwa. Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono ili azimio la kudai baraza lipelekwe nyumbani. Nikageuka pembeni yangu. Mume wangu alikuwa amenyoosha wake, si juu sana, usawa wa sikio tu, kama mtu anayejikuna.

Tukirudi kwa gari, tulisimamishwa na taa nyekundu ya robot.

"Ile ni politiki tu," alisema. "Weye mwenyewe uliona kule kwetu, hakuna hata dawa."

"Baraza hiyo ikikuja, utabaambia mi niko nani?"

"Bibi yangu. Nani atakugusa?"

Alisema kwa mapenzi, nami nilimwamini, na hapo ndipo nilipoumia. Miaka yote nilidhani anataja kijiji chake kwa niaba yangu kwa sababu anajivunia mkewe. Kumbe alikuwa ananifunika. Alijua siku nyingi kwamba kwao nahitaji kufunikwa, akanyamaza, na leo amenyoosha mkono.

"Na weye ukikufa, mi nikibaki?" nikamuuliza.

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena, naye ameshika usukani tu, anatazama mbele.