Vidonge vya Zekiye

Dursun ukimtoa kwenye kiti cha mkahawani, hana kazi nyingine duniani. Nimekuwa jirani yake miaka ishirini na mbili, tangu nilipoolewa, na sijamwona akibeba kitu kizito kuliko karata. Mkewe Zekiye ndiye aliyekamua ng'ombe, akapasua kuni, akapandisha maji kilimani, mpaka pumzi ikamkatalia.

Mume alisema ni uvivu. Mama mkwe, ambaye pia ni shangazi yake wa damu, maana kwetu binti hatolewi nje ya ukoo, naye alisema ni uvivu. Picha ya kifua ikaonyesha mapafu yamejaa vijiwe kama mchanga. Daktari wa mjini Sivas alisema ugonjwa huo ni nadra sana. Labda kwao. Hapa kwetu dada yake Zekiye alikufa nao, na wazazi wao walikuwa binamu, na wazazi wa wazazi wao vilevile.

Vijiwe havitoki. Ila vilikuwa vimebana mishipa, damu ikawa inapita mapafuni kwa presha kubwa na moyo unachoka kusukuma. Kwa ajili ya presha hiyo daktari alitoa vidonge, mara tatu kwa siku. "Usiruke hata kimoja," alimwambia. "Moyo wako unavitegemea."

Dawa huchukuliwa mjini, na mjini huenda mume. Muuza dawa akamweleza Dursun, kwa nia njema tu, kwamba wanaume wengine huitumia dawa hiyohiyo kwa mambo ya chumbani. Heri angenyamaza.

Kuanzia hapo Dursun akageuka muuguzi. Asubuhi, mchana na jioni alimpelekea mkewe kidonge kiganjani na glasi ya maji. Kijiji kizima kilimsifu, na mimi nilimsifu, jambo ninalolionea aibu hadi leo. Mkahawani wazee walianza kumwita wakae naye, wakimwagizia chai. Tukadhani ni kwa wema wake.

Zekiye alivimba miguu, midomo ikamgeuka zambarau. Nikampeleka hospitali mwenyewe.

"Dawa unakunywa?" daktari akauliza.

"Mara tatu, daktari. Mume wangu ananipa kwa mkono wake." Cha mchana alikuwa amekifunga kwenye pindo la ushungi. Akakifungua.

Daktari alikigeuzageuza. "Mama, hii ni dawa ya mifupa. Ile yako wanaume huitafuta kwa mambo yao ya chumbani."

Zekiye hakulia. Njia nzima niliwaza zile chai za wazee, na sasa nikajua zilikuwa malipo ya nini. Tuliposhuka basi kwenye uwanja wa kijiji hakushika njia ya nyumbani. Alielekea mkahawani, mahali ambapo mwanamke hakuwahi kuweka mguu. Ni hatua arobaini hivi. Alipumzika mara tatu, ameshika bega langu.

Karata zikasimama.

"Shemeji, umepotea njia?" akauliza Jemal, mwenyekiti wa kijiji.

"Sijapotea, kaka. Nimekuja kuwajulia hali wagonjwa wenzangu. Hiyo dawa yangu inawasaidia? Pumzi zinatosha?"

"Mke wangu, twende nyumbani," Dursun akanong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Hawaniangalii, Dursun. Hebu watazame."

Kweli, kila mmoja alikuwa anakagua glasi yake. Kisha Jemal, mwenye wajukuu tisa, akaingiza mkono kwenye kizibao na kuweka kidonge mezani bila kuinua macho. Akafuata mwingine. Mfua chuma akatoa viwili, kwa kuwa yeye ni mlafi wa kila kitu. Dursun alitoa chake mwisho.

Vilikuwa vitano. Havikutosha hata siku mbili.

Zekiye alimeza kimoja kwa chai ya mumewe, vinne akavifunga kwenye ushungi. Kisha akaomba kiti, apumzike kabla ya kupanda kilima.

Walikuwa wanaume kumi na mmoja mle ndani, wote wameketi. Hakuinuka hata mmoja. Tukakaa kizingitini, mimi na yeye, mpaka pumzi iliporudi.