Binti wa Rubani

Harufu ya mafuta ya nyonyo ilikuwa imeganda kwenye kofia ya ngozi iliyotundikwa nyuma ya mlango wa Gogo, jirani yetu. Injini za ndege za zamani zilitumia mafuta hayo, aliniambia, na yalimrukia rubani usoni safari nzima. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuruka juu ya Johannesburg, kwa ndege ya mbao na kitambaa yenye magurudumu kama ya baiskeli. Sisi tulipanga chumba cha pili katika nyumba hiyohiyo kuukuu ya mtaa wa Bellevue, jijini humo. Mama alisuka nywele mjini kutwa nzima. Baba alibaki kwetu Bukavu, Kongo, na simu zake zilizidi kuadimika. Shuleni walinicheka kwa Kizulu changu kibovu. Kwa hiyo majira yale ya baridi, nikiwa na miaka tisa, kila nikitoka shule nilikwenda kuketi kwa mzungu huyu mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi, na ambaye hakuna aliyemtembelea.

Alinisimulia jinsi watu walivyokwenda uwanjani kwa farasi na kwa miguu, wakangoja upepo utulie, na baba yake alipopita juu ya miti wengine wakalia. Baadaye bawa lilikatika akiwa angani, akaanguka, mkewe akiwa na mimba ya Gogo. Marubani wenzake walipewa barabara zenye majina yao. Yeye hakupewa hata kichochoro. Mjane alimwapisha bintiye asipande ndege maishani, naye Gogo akakishika kiapo hicho mpaka uzeeni.

Kisha mpwa wake aliyehamia Australia akaamua kumchukua, maana miguu ilishamwishia nguvu. Gogo alimwambia mama kwamba hataenda. Mama, aliyenileta huku kwa mabasi peke yake, alikaa kitandani pake na kumshika mkono.

"Gogo, uliapa ili mama yako asiogope," alisema. "Sasa amepumzika. Nenda, usije ukafa peke yako humu ndani."

Gogo alinitazama mimi. "Na huyu je?"

Mama aliinuka, akaanza kumkunjia nguo.

Tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Hakugeuka nyuma. Alipiga simu mara moja tu baada ya hapo, akasema kwamba ndege ilipoiacha ardhi alimwita baba yake kwa sauti, abiria wote wakasikia, wala hakuona haya. Chumba chake kilipangishwa kwa fundi viatu. Niliendelea kutoka shule na kuketi kwenye ngazi za nje, nikimngoja mama, bila mtu wa kuniuliza siku yangu ilikuwaje.

Siku hizi nafanya kazi benki, na ofisi hunituma Cape Town mara kwa mara. Wiki iliyopita tulipaa asubuhi kweupe, jiji likatandazika chini yetu lote, na katika safu zote nilizoweza kuziona hakuna aliyetazama nje. Kijana wa kiti cha pili aliniomba kwa adabu nifunge dirisha, mwanga ulikuwa ukimsumbua kwenye simu. Nilitaka kumweleza kwamba kuna mtu aliyekufa kwa ajili ya kuona hiki tunachokifungia dirisha. Lakini ningeanzia wapi? Nikalifunga nusu, nikainama kutazama kwa nusu iliyobaki.