Daraja la Pande Mbili

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo wangu unaruka, pamoja na uzee huu wote. Keti nikuhadithie, maana nasikia wamekuchagua kuwaongoza wenzako, nami kwa furaha nimeshindwa kunyamaza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, huku kwetu Unamwanga, si mbali na Tunduma. Nilikuwa nimerudi kutoka kazi ya barabara, najua kupanga mawe na kufunga magogo, basi wazee wakanikabidhi vijana tujenge daraja. Mto wetu si mpana, lakini ukijaa haumwonei mtu huruma. Zahanati ya misheni ilikuwa upande wetu, na dada yangu Enala alikuwa ameolewa ng'ambo. Mvua za mwaka uliotangulia alishikwa na uchungu mto umefurika, wakashindwa kumvusha, mtoto akafa. Sasa alikuwa mjamzito tena, na wingu lilikuwa limekwisha kuanza kukaa milimani. Ndiyo maana tulijenga.

Nami nikaiendesha kazi ile kama tunavyolima. Kwetu mwenye shamba hupika pombe, akawagawa vijana makundi mawili, na kundi linalomaliza kwanza ndilo hunywa kwanza (wa misheni walikunywa togwa isiyolevya, au ndivyo walivyotuambia). Nikasema vijana wa upande wetu waanzie kwetu, wa ng'ambo waanzie kwao, wakutane kwenye rundo la mawe tulilolijenga katikati ya maji. Watakaofika kwanza, chungu cha kwanza ni chao.

Ungeona kazi, mwanangu! Magogo yalishuka mlimani mbio mbio, huku wanaimba nyimbo za kukejeliana, na mimi nimesimama kifua mbele, najiona hakuna nyapara kama mimi toka Mbeya mpaka Rhodesia. Vijana wetu wakafika kwanza, wa ng'ambo wakafuata punde. Wakapiga mbinja, wakaanza kukiulizia chungu.

Hapo akaja Bibi Nambeye, mama mkwe wa dada yangu, na fimbo yake. Akatembea kutoka kwao mpaka katikati, akasimama. Mbele yake magogo ya upande wetu yalikuwa yamekaa juu kuliko ya kwao, kimo cha goti. Kijana angeruka tu, na vijana wakacheka, wakamwambia, "Ruka, bibi!" Yeye hakucheka.

"Nyapara," akaniita, "mmejenga nini hapa?"

"Daraja, bibi."

"Mbona naona madaraja mawili, na yote mawili yanaishia majini? Mimi sikuomba mtu afike katikati. Nataka mkwe wangu avuke, kalala kwenye machela, na mwanawe tumboni. Hapa mtamrusha?"

Nilitahayari, tena nilikasirika, maana nilikuwa nimezoea kusifiwa. Lakini sikio la kufa ndilo lisilosikia dawa, na langu lilikuwa bado zima. Nikaamuru chungu kisiguswe. Nikaleta machela, nikaweka juu yake mtungi uliojaa maji, nikawaambia: "Leo hakuna wa huku wala wa kule. Tutakunywa sote pamoja, siku machela hii itakapovuka na maji yakabaki mtungini."

Kazi ikageuka palepale. Mkata magogo alikwenda kumwuliza mpanga mawe kimo, vijana wetu wakavuka kuwasaidia wenzao kuinua upande wao, na wabishi wawili walionuniana tangu asubuhi wakajikuta wamebeba gogo moja. Kisha watu wanne wakaibeba machela. Mtungi ulitikisika kidogo pale katikati, ukatulia, ukafika. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka.

Haikupita wiki, mvua ikaja. Mto ukanguruma, na mvua ikinyesha hivyo hivyo wakamleta Enala. Nilishika pembe moja ya machela. Tulipofika kwenye yale mawe magogo yalikuwa sawa, tukapita. Jioni Bibi Nambeye alitoka zahanati akinitafuta. "Ni wa kiume," akasema, "na mama yake anataka uji." Nilikaa chini matopeni nikalia kwa furaha, na sikujali nani ananitazama.

Basi shika hili, mwanangu. Kabla hujawagawia wenzako kazi, waonyeshe ni nani anayengoja kuvuka, wamjue kwa jina. Kila unachowaambia wakikimbilie, jiulize kwanza: wakikipata chote, huyo atakuwa amevuka? Kama hapana, umewachosha bure, hata wakimaliza mapema. Na chunga unachokisifu, kwa kuwa watu hukimbilia kinachosifiwa. Mimi nilisifu kufika kwanza, wakafika kwanza, na Enala angekufia ng'ambo.

Mungu akupe wenzako wenye mikono na moyo mmoja. Akupe na mtu mmoja asiyeogopa kukuuliza mnajenga nini, hata wengine wakicheka. Na yule mliyemwanzia kazi asibaki ng'ambo. Amina, mwanangu, nenda ukawaongoze.