Baiskeli ya Mke wa Mtu

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya duka la mitumba huku Bredäng, mtaani kwetu Uswidi. Mbele yangu mzee mmoja Mkongomani aliegemeza kwenye kaunta baiskeli ya marehemu mkewe. Alikuja kuitoa bure. Kwenye usukani ilikuwa imebandikwa picha ya mwanamke wa Kizungu akivuka mstari wa mwisho wa mbio za baiskeli, mikono juu.

Muuzaji, binti wa Kiswidi, aliiona akatabasamu. Akaeleza, nami nikamtafsiria mzee: huyo ni bingwa wa Uholanzi, alishinda karibu kila mbio, akavunjika mifupa, akarudi akashinda tena. Amestaafu, lakini wasichana bado wanamtaja.

"Bibi yangu, mwenye baiskeli hii, alisema ni dada yake," mzee akajibu taratibu. "Nilifikiri ni mtu wa kanisani."

Mkewe alijifunza kuendesha utu uzimani, na kina mama wenzake, kwenye uwanja wa shule. "Kila wiki aliniambia, 'Kuja tu uniangalie.' Nikasema mke wa mtu hapandi baiskeli. Sikuenda hata siku moja."

Binti akaibandua picha, akampa. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, kisha akaomba arudishiwe baiskeli pia.

Sisi waume tunawajua mabingwa wote wa mpira kwa majina. Yule Mholanzi alishangiliwa na mataifa. Mama huyu alitaka mtu mmoja tu asimame kando.

Mzee hajui kuendesha. Aliondoka akiikokota polepole, mkono mmoja usukanini, mwingine nyuma ya kiti, kama anayemshikilia mtu asianguke.