Mwenye wa Lambo Letu

Nilipokuwa mtoto, katika lambo la kijiji chetu, si mbali na Kwaluguru, aliishi samaki ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja kwa jina lake. Alikuwa kambare tu, wala si jini, lakini ukubwa wake ulimpa heshima ya watu wazima. Tulimwita Mwenye. Asubuhi, maji yakiwa yametulia, ungeona sharubu zake zikipapasa penye matete, halafu mgongo mweusi, halafu basi. Wanawake waliokuja kuteka maji walimsubiri apite. "Tupishe, mzee," walisema, ndipo wakazamisha ndoo.

Nililelewa na bibi mzaa baba, maana wazazi wangu walikuwa wakikata mkonge upande wa Korogwe. Bibi alikuwa mfupi, mkali wa macho, hakosi swala, na hakosi kumwaga konzi ya pumba lamboni kila alfajiri ikishapambazuka, huku akinong'ona. Mwalimu wa madrasa alimwonya mara mbili. Bibi alimjibu kwamba Mungu ndiye aliyemweka Mwenye pale, na yeye anamjulia hali tu kiumbe wa Mungu. Mwalimu aliondoka akitikisa kichwa, nami nikabaki na swali ambalo sikuthubutu kuliuliza.

Ujamaa ulipofika, watu wa vitongoji vya mbali, wengine kutoka Mazingara, waliletwa kujenga jirani yetu, nyumba kwa mistari. Tulisalimiana vizuri, shikamoo na marahaba hazikukosekana, lakini hatukuaminiana. Sisi hatukujua matambiko yao, nao hawakujua yetu. Kuku akipotea, kila upande uliutazama upande wa pili. Mimi mwenyewe nimekua mtu wa kushuku, na nadhani ugonjwa huo niliupata hapo.

Katibu wa kijiji alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Kila wiki wanaume walivua perege lamboni, wakagawiwa kila kaya. Perege walikuwa wakubwa kama kiganja cha mwanamume, ila hawakuwa wengi. Katibu alipouliza sababu, akaambiwa yupo Mwenye, naye anakula wadogo. Akaitisha mkutano.

"Mwenye?" alisema. "Mwenye nini? Kijiji cha ujamaa hakina mwenye! Mali ni ya wote. Na huyu anakula perege wa umma hata jembe hajashika. Ndugu zangu, huyu tumwite nani?"

"Kupe!" tuliitikia, hata sisi watoto.

Leo nikikumbuka nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Jina tulilompa samaki kwa adabu lilikuwa limemtia hatiani.

Bibi akasimama, akakaza kanga yake. "Mwanangu katibu, mkimtoa huyo, watoto watajaa nyumba na chakula hakuna. Watakonda. Watazaa kabla hawajakua." Akaketi.

Alikuwa anasema habari za perege. Mimi nilijua, na wazee wa lamboni walijua, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameyarudia miaka yote. Lakini hakuwataja perege, na wageni hawakuwahi kumsikia kabla. Waliangaliana. Mama mmoja mjamzito aliyekaa mbele yangu alijifunika tumbo kwa mikono miwili. Hapakuwa na mtu aliyeinuka kusema, "Jamani, anasema samaki." Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita.

Kiangazi kilipopunguza maji, wanaume waliingia lamboni kwa mstari, wakapiga kelele, wakamsukuma Mwenye mpaka kwenye tope. Alipotolewa nje alinifika kifuani. Walipompasua, tumbo lilikuwa limejaa vifaranga vya perege, na katibu akavinyanyua juu ili kila mtu avione. Nyama iligawanywa kaya kwa kaya. Bibi alilifunika fungu letu kwa sahani, akasema, "Mimi siwezi kumla mwenyeji wangu." Nililila mimi. Lilikuwa tamu sana, siwezi kusema uongo.

Mwanzoni katibu alikuwa na haki ya kutamba. Mvua ziliponyesha lambo likajaa perege hata ukitia kikapu unawapata. Watu walimtania bibi njiani: "Bibi, njaa yako iko wapi?" Naye alicheka nao. Lakini perege wale hawakukua. Mwezi ukaja, mwingine ukaja, wakabaki saizi ya kidole gumba, vichwa vikubwa, miili myembamba kama ya mgonjwa. Siku moja nikiwa naparua samaki, nilimfungua mmoja mdomo ili nimwoshe, yakamwagika mayai. Jirani yetu naye akakuta hivyohivyo. Sote tulijua perege hulea mayai mdomoni, lakini huyu alikuwa mtoto. Mtoto ana watoto!

Ndipo maneno ya bibi yakakumbukwa, na hayakukumbukwa kama habari za samaki, bali kama laana. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka shambani na watoto kadhaa wakavimba miguu. Yule mama aliyejifunika tumbo alikuwa amejifungua pacha, wote wadogo mno, na maziwa hayakumtosha. Watoto wamejaa nyumba na chakula hakuna. Neno kwa neno.

Na mimi? Aibu yangu ni kwamba niliamini mapema kuliko wengi. Nililala kitanda kimoja na bibi nikiwa nimempa mgongo. Akinipakulia uji nilisubiri anywe yeye kwanza. Nilitazama vidole vyake akichambua mboga nikajiuliza vimefanya nini vingine. Yeye alidhani naumwa, akanichemshia mwarobaini, nami nikaumwaga nyuma ya nyumba.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mhina, aliniita barazani kwake mchana mmoja. Palikuwa na watu wanne au watano, na mke wake alinipa kipande cha muwa.

"Mjukuu wangu, bibi yako huenda lamboni asubuhi?"

"Huenda."

"Hufanya nini?"

"Humwaga pumba. Tena husema."

"Husema na nani?"

"Na Mwenye."

"Mwenye si tulishamla?" akauliza balozi taratibu.

"Anasema naye bado."

Nilipewa kipande kingine cha muwa, nikaambiwa niende nikacheze.

Hakupigwa, na kwa hilo nashukuru. Ila wanawake walimwaga maji waliyoteka wakimwona anakuja, wakaenda kuteka upande wa pili. Hakuna aliyemkopesha chumvi. Mwisho kikao kiliamua kwamba ni heri aende kwa binti yake, shangazi yangu, kule Kerenge, "kwa usalama wake mwenyewe." Alifunga mzigo wake kwa kanga, akapanda lori lililokuja kuchukua pamba, akawaaga kwa majina waliosimama pale. Walioitikia walikuwa wawili. Mimi nilibaki kwa sababu ya shule. Mke wa balozi ndiye aliyenichukua.

Miaka ilipita. Nikiwa mtu mzima, nilihudhuria mafunzo ya kufuga samaki, kwani nilichimba bwawa langu dogo, na bwana samaki akatuambia: bwawa la perege litieni kambare wachache. Wataula uzao uliozidi, na wanaobaki watapata chakula, wakue. Msipofanya hivyo, alisema, watajaa, watadumaa, na watazaa wakiwa bado wadogo. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka somo likaisha.

Sikumbuki kumwona bibi tena ila mara moja, huko Kerenge, akiwa amekwisha kuwa mtu wa kitandani. Alinishika mkono, akauliza habari za kila nyumba, hata ya balozi. Sikupata ujasiri wa kumwambia ni nani aliyesema.

Watu hunifariji kwamba nilikuwa mtoto na kwamba sikusema uongo. Ni kweli, sikusema uongo. Kila nilichojibu ndivyo kilivyokuwa. Lakini balozi hakuniuliza bibi alikuwa anasema nini pale majini baada ya Mwenye kuliwa, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo yangu, asubuhi baada ya asubuhi, nikisikia. Alikuwa anataja nyumba zetu moja moja, za wenyeji na za wageni, ya katibu pia, na kila nyumba anaiombea radhi. Ya kwetu aliitaja mwisho. "Na huyu mjukuu wangu," alisema, "naye alikula. Msamehe, alikuwa na njaa."

Niliyasikia yote hayo, nikatafuna muwa.